Aliyelala Kando Yangu Malaloni

Wiki iliyopita mjukuu wangu Zefania alirudi kutoka mlimani na koti limelowa. Siku hizi vijana wanawapandisha wageni kwa miguu, wageni ambao kwao wana magari lakini wanakuja huku kutafuta kuchoka. Alilitundika koti jikoni kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda kuoga. Mimi nilikuwa nimekaa na ungo, nachagua mawe kwenye mtama. Harufu ikanifikia kabla sijageuka: moshi wa mgunga mbichi, jiwe lililonyeshewa, na majani makavu ambayo watu wengi wameyalalia. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

Aliporudi nikamwuliza, "Jana mmelala wapi?"

"Kule katikati ya mlima, bibi. Tulikuta kuta za mawe za zamani, hazina paa, tukafunga turubai."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watano."

"Na asubuhi mlikuwa watano vilevile?"

Akacheka, akasema bibi naye, akachukua kiporo chake akatoka. Simlaumu. Hajawahi kusikia hata jina la mahali pale. Sisi tuliopaita Malaloni tumebaki wachache, na wale niliolala nao usiku ninaotaka kuuandika wote wametangulia. Mama mdogo Raheli ndiye aliyekuwa wa mwisho, tumemzika mavuno yaliyopita. Nimebaki na habari hii peke yangu, na habari ya namna hii mtu hafai kuzikwa nayo.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka chumvi ilivyokuwa taabu. Ya dukani ilikuwepo Kiomboi kwa wenye uwezo. Sisi wa Ulemo tuliifuata bondeni, kwenye mbuga ya Wembere, mavuno yakishaingia ghalani. Walikwenda wanawake. Kule chini tulikwangua udongo mweupe, tukauchuja kwa maji, kisha yale maji tukayachemsha siku mbili tatu hadi yakauke na kuacha chumvi ya rangi ya majivu, yenye uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Kushuka kulikuwa mchezo. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi: mzigo uko kichwani, mlima uko usoni, na hakuna mwanamke aliyeweza kuumaliza kwa siku moja. Ndiyo maana kulikuwa na Malaloni.

Msifikiri ni nyumba. Ni mwamba mkubwa ulioinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na watu wa zamani sana walipanga mawe chini yake kutengeneza ukuta upande wa upepo. Juu waliweka matawi na nyasi, na kila anayepita aliongeza kidogo. Mlango haukuwepo, uwazi tu. Ndani palikuwa na jiko la mafiga katikati na matandiko ya majani pande zote. Ukiondoka asubuhi unaacha kuni kwa ajili ya usiyemjua. Usipoacha, walisema, mguu wako utavunjika kabla ya mwaka kuisha, nami sikuwahi kumwona mtu aliyejaribu.

Mwaka huo nilikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yameota upya. Mama alikuwa ana mtoto mchanga, kwa hiyo nilipelekwa na mdogo wake, mama mdogo Raheli, nikajifunze kubeba. Tulikuwa sita. Mbele alitangulia Bibi Marta na fimbo yake, yeye ndiye mkubwa wetu. Akafuata Debora, mke wa fundi cherehani, mdomo haufungi. Kisha Mama Elia, kisha Lea aliyekuwa mchumba wa mtu, kisha mama mdogo, kisha mimi na kikapu kidogo cha chumvi. Mnaona ninavyokumbuka. Jina likishaingia kwangu halitoki. Kanisani mwinjilisti akisahau jina la mtoto aliyembatiza, aliniita mimi nimwambie. Debora alinibandika jina la Daftari.

Tulikuwa tumechelewa msimu, na mvua ya kwanza ikatukuta mlimani. Mnajua chumvi na mvua. Tulifunika vikapu kwa magome na nguo zetu za juu, tukapanda tukiwa tumelowa sisi badala ya mizigo. Tulipokaribia ule mwamba Bibi Marta alisimama, akageuka, akanitazama mimi peke yangu kwa sababu wengine walikuwa wanajua.

"Mwanangu, kuanzia hapa hakuna mtu mwenye jina."

"Kwa nini, bibi?"

"Mlima huu una masikio. Jina lolote likitajwa pale ndani, mlima unalichukua. Na mwenye jina asubuhi haamki."

"Sasa nitamwitaje mama mdogo?"

"Mwite Kaniki, si amevaa kaniki? Mimi ni Fimbo. Huyu ni Kilemba," akamwonyesha Debora. "Na wewe ni Kikapu."

"Afadhali," akasema Debora. "Daftari lingelowa."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natembea na majina yao mdomoni kama mtu aliyejaza maji, nikiogopa kujikwaa nisije nikamwaga.

Tuliwasha moto kwa kuni za mgunga zilizokuwa mbichi, moshi ukajaa, macho yakatutoka machozi. Tulikula viazi vya kuchoma. Debora alianza kusimulia jinsi mumewe alivyomshonea mchungaji suruali yenye mguu mmoja mrefu, na mchungaji akaivaa Jumapili akipandisha bega moja ili zilingane. Lea alicheka hadi akapaliwa. Ndipo tukasikia nje sauti inasema, "Hodi."

Haikuwa sauti ya kupaza. Mvua ilikuwa inanyesha, na ile hodi ilikuja chini ya mvua, kama imetoka kwenye jiwe. Bibi Marta hakuuliza ni nani. Hakuuliza unatoka wapi. Alisema tu, "Karibu, mwenzetu, moto upo."

Akaingia mwanamke. Hakuwa na mzigo. Nani anapanda mlima ule bila mzigo, bila hata kibuyu cha maji? Kanga yake ilikuwa imegandamana na mwili, na kichwa alikifunika hadi puani. Hakukaa karibu na moto. Alikaa nyuma, kwenye ukuta, mahali mwanga haufiki. Bibi Marta akampa kiazi, akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Na katika ile asante palikuwa na mluzi. Pale palipo na "s" ulitoka upepo mwembamba, kama upepo wa kwenye tundu la ufunguo.

Basi nikaanza kufanya uchunguzi wangu. Kwetu watoto tulijua mzimu unatambulikaje. Hauna kivuli, ni wa baridi, na hauongei kama watu. Nikatazama ukutani nyuma yake: kivuli hamna. Ni kweli hapakuwa na kivuli cha mtu yeyote kona ile kwa sababu palikuwa giza, lakini hilo nimelifikiria nikiwa mtu mzima. Kuhusu mluzi, mimi mwenyewe nilipong'oka meno nilipiga mluzi vilevile. Lakini watu wazima hawang'oki meno. Jambo hilo nilikuwa na hakika nalo.

Wakati wa kulala Bibi Marta alipanga watu. "Kikapu, wewe utalala na mgeni, una blanketi." Nilimtazama mama mdogo aniokoe. Akageuza uso.

Nililala nimekakamaa. Alijinyoosha kando yangu na miguu yake ikagusa miundi yangu. Wenzangu, sijui niielezeje ile baridi. Nimeosha maiti nyingi katika maisha yangu, nimewaosha mama yangu na mume wangu, na hakuna miguu iliyokuwa baridi kama ile. Nilisubiri anile. Hakunila. Alikuwa anatetemeka, na mtetemeko wake ulinitikisa na mimi, mpaka huruma ikaushinda woga. Nikamsogezea nusu ya blanketi, nikaona haitoshi, nikamfunika yote na mimi nikajikunja ndani yake.

Moto ulikuwa umebaki makaa. Wengine wanakoroma, au niliona wanakoroma. Na mimi kitu kilikuwa kinaniwasha: mtu amelala kando yangu na sina jina lake. Haijawahi kunitokea. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nikanong'ona, "Unaitwa nani?"

Akavuta kanga usoni.

"Niambie mimi tu. Nitakusahau kama huna jina."

Akanigeuzia uso. Halafu akasema, kwa ile sauti yenye upepo, "Utalikumbuka kweli?"

"Mimi sisahau jina."

"Nikifia mlimani hakuna atakayejua ni nani amefia hapa."

Mimi nilielewa kwamba amekwisha kufa hapa, na kinachomsumbua ni hilo. Akanisogelea, akaweka mdomo wake kabisa kwenye sikio langu, mlima usisikie, na akasema. "Zaituni." Lile jina liliingia na mluzi mbele yake, likanipoza sikio. "Usimwambie mtu," akasema. Nikajibu sitamwambia. Nilijua kwa nini: mlima ungelichukua. Nikalifunga pamoja na mengine.

Nilipoamka hakuwepo. Majani aliyolalia yalikuwa yamekwisha kupangwa vizuri, kama hayajalaliwa. Nikauliza, "Mgeni yuko wapi?"

Mama mdogo alikuwa anafunga kikapu. "Mgeni gani?"

"Yule aliyekuja jana. Nililala naye."

"Umeota, Kikapu," akasema Lea bila kunitazama.

Nikamgeukia Bibi Marta, kwa sababu Bibi Marta alikuwa mzee wa kanisa na hasemi uongo. Akaweka fimbo chini, akaniambia polepole, "Jana tulilala sita. Hakuna mtu aliyekuja. Umesikia? Hakuna mtu."

Sasa jambo lilikuwa limethibitishwa na mzee wa kanisa. Niliyelala naye hakuwa mtu.

Tuliacha kuni, tukabeba, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umekaa kwenye mapito ya mawe. Tulipanda taratibu, jua likatukuta. Ndipo tukasikia mawe yanaporomoka nyuma yetu, na wanaume watatu wakatokea kutoka chini, wanahema. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye koti la kaki. Wa pili alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu. Wa tatu alibeba kamba. Hawakutaja majina yao, na ndiyo majina pekee ya safari ile ambayo sinayo.

"Shikamoo, bibi," akasema mwenye koti.

"Marahaba, wanangu. Mbona mnahema hivyo, kuna msiba?"

"Tunamtafuta mke wa huyu mdogo wangu. Ametoka nyumbani juzi. Hamkukutana na mwanamke njiani?"

"Tumekutana na mvua," akasema Bibi Marta.

"Na kupe," akasema Debora.

"Malaloni mlilala na nani?"

"Tulilala sisi hawa unaotuona. Hatukuona mtu."

Na mama mdogo akasema hatukuona mtu, na Mama Elia akasema hivyohivyo. Mwenye koti akaweka mikono kiunoni, akamwambia kijana, "Nilikuambia hakupita huku. Mwanamke mwenye hali yake atapanda mlima huu na mvua ile? Tunapoteza siku. Turudi chini tufuate njia ya machimboni."

Yule kijana alikaa juu ya jiwe na akaanza kulia. Alilia, anafuta kwa kiganja, yanakuja machozi mengine. "Mtoto hajalala siku mbili," akasema. "Anamwita mama yake."

Mimi sikuwahi kuona mwanaume analia. Kwetu hata msibani baba zetu walitazama pembeni tu. Na kichwani mwangu kila kitu kilikuwa kimepangika: mke wake amekufa mlimani, wao hawajui, wanamtafuta, na mimi nimemwona. Mimi peke yangu ndiye niliyepewa jina. Na pale hatukuwa Malaloni tena, mwamba ulikuwa mbali chini yetu, mlima ungesikia nini? Nilimwonea huruma baba wa watu. Nikaweka kikapu changu chini.

"Usilie, baba," nikamwambia. "Alilala vizuri. Nilimfunika."

Mama mdogo alinibana mkono hadi nikahisi kucha. "Huyu ana homa," akasema. "Tangu usiku anaongea ovyo."

Lakini kijana alikuwa ameinuka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, machozi bado yapo. "Alikuwaje, mwanangu?"

"Alikuwa wa baridi sana. Ila si mtu, baba, ni mzimu. Bibi amesema hakuna mtu aliyekuja." Nikaona bado anasubiri, nikampa kile alichokuja kukitafuta. "Anaitwa Zaituni."

Nililisema vizuri. Nakumbuka nilifurahi jinsi lilivyotoka.

Machozi ya mtu yanaweza kukauka upesi kiasi gani? Nilikuwa karibu naye, niliona. Alisimama, akamtazama kaka yake, na mwenye kamba akaanza kupanda bila kuambiwa. Bibi Marta alijitupa chini pale njia ilipobana kati ya mawe mawili. Alikaa akanyoosha miguu, akasema, "Wanangu, mguu umekufa ganzi, ninyanyueni." Mwenye koti akasema, "Samahani, bibi," akamruka. Kumruka mama mzee miguu! Mnajua wenyewe kwetu hilo ni laana. Wakamruka wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na mawe yakawa yanaporomoka juu yetu sasa, yanakwenda mbali.

Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza. Debora, yule Debora, hakusema neno hadi tulipofika juu.

Tulipumzika pale njia inapogawanyika, moja ikienda Ulemo na nyingine ikiingia msituni. Jua lilikuwa limegeuka. Tuliwasikia kabla hatujawaona. Walitokea njia ya msituni, wamemtanguliza. Mwenye koti alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa nyuma, kama mtu anavyoshika mbuzi ambaye hana haja ya kumvuta. Alikuwa na kivuli. Nilikitazama kivuli kwanza, kirefu, kinapanda na kushuka juu ya mawe, kabla sijaweza kumtazama mwenyewe. Mchana ule niliona alivyo. Mdomo umevimba, na mbele hapakuwa na jino. Ufizi ulikuwa bado mwekundu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alikuwa na umri wa Lea.

Alipofika kwangu akasimama. Yule wa nyuma akamwacha asimame, sijui kwa nini. Hakuwa amekasirika. Ningemwelewa kama angekasirika.

"Kumbe umelikumbuka," akasema.

Wakapita.

Jioni, tulipokwisha kutua, Bibi Marta alikuja nyumbani kwetu. Baba akamwekea kiti, akakikataa. Alikuja hadi nilipokaa mimi kwenye majivu, akajishusha kwa fimbo yake mpaka magoti yakagusa chini, mzee wa watu, mbele ya mtoto. Mama akasema, "Mama, usifanye hivyo." Akasema, "Acha nifanye."

Akaniambia, "Mlima hauna masikio. Watu ndio wana masikio. Amri ile waliiweka mama zetu, kwa sababu pale hupita kila aina ya mwanamke, na usichokijua huwezi kukisema hata ukipigwa. Wewe nilikuona mdogo, nikakuambia habari za mlima. Asubuhi nikakuambia hakuna mtu. Ningekuambia kwamba huyu ni mtu na anawakimbia watu, ungenyamaza. Si hivyo?"

Nikasema ningenyamaza.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Nimelibeba, usilibebe." Mama mdogo akamnyanyua.

Lakini mnajua, mtu hawezi kukutua mzigo ambao umekwisha kuingia ndani. Msimu uliofuata nilililia safari hadi wakanichukua. Kule kwenye chumvi nilizunguka kwa wanawake wa bondeni nikiuliza habari za Zaituni. Mmoja akaniambia boma la kina mume wake lilihama na ng'ombe wake kuelekea Usukumani baada ya masika, walikuwa na wake wengi, anakumbuka mmoja alibeba kichanga mgongoni. "Aliongea na mluzi?" nikamwuliza. Wakacheka, wakaona mtoto huyu ni wa ajabu. Hicho kichanga mgongoni ndicho habari yote niliyowahi kupata. Nimekishikilia miaka yote hii. Kuna siku naona ni yeye, aliishi, akazaa, akazeeka, labda ana wajukuu kama mimi. Kuna siku naona mgongo ni wa mtu mwingine.

Na usiku miguu ile huja. Sisemi ninaota, niko macho. Inakuja ikagusa miundi yangu, baridi vilevile, na mimi navuta blanketi namwachia nafasi. Mume wangu marehemu, Yohana, aliniuliza mwanzoni mwa ndoa, "Unamsogelea nani huko?" Nikamwambia ukutani kuna baridi. Alikuwa mtu mwenye busara, hakuuliza tena, akahama upande wa ukuta. Haikusaidia.

Miaka ikapita, Bibi Marta akafa, na fimbo ya kuongoza ikaja mikononi mwangu. Chumvi ya dukani ilikuwa imeshafika Ulemo, lakini tulizoea ile ya kwetu, na tulikuwa bado tunashuka, wachache. Safari ya mwisho mwisho nilimchukua binti yangu wa kwanza, Naomi, alikuwa na umri ule niliokuwa nao mimi. Tukalala Malaloni. Nikawapa watu majina ya nguo zao kama kawaida.

Na giza lilipoingia ikaja hodi.

Wenzangu walinitazama. Nilikuwa nasikiliza kama ile hodi ina mluzi. Haikuwa nao. Nikasema, "Karibu, mwenzetu, moto upo." Akaingia mwanamke mnene wa makamo, ameshika viatu mkononi. Nikamkalisha kwenye mwanga, nikahakikisha amekaa kwenye mwanga. Alikula, akaanza kulia, na kama watu wanavyofanya wakipata joto akataka kueleza. "Mimi naitwa," akaanza.

Nilimziba mdomo. Kwa kiganja, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Usiniambie," nikamwambia. "Jina lako baki nalo." Akanitazama kama mwendawazimu, kisha akatikisa kichwa kukubali, mdomo wake ukiwa wa moto chini ya mkono wangu. Mpaka leo sijui aliitwa nani. Nina majina ya watu wote, wa kuzaliwa na wa kufa, na hilo sinalo.

Alfajiri nilimsindikiza mwenyewe hadi alipoiona njia. Niliporudi, Naomi alikuwa ameamka, ameketi kwenye majani anasubiri, na wenzangu walikuwa wanafunga mizigo kimya. Nikaona Lea, ambaye sasa alikuwa Mama Samweli na mvi mbili tatu, anafungua mdomo kumwambia mtoto kile tulichozoea kusema. Nikamtangulia.

Nikamshika mwanangu mabega. "Jana alikuja mwanamke. Ni mtu, kama mimi na wewe. Anakimbia watu wanaompiga. Huenda njiani tukakutana nao. Huenda wakawa wapole, huenda wakalia. Wakikuuliza, hukuona mtu."

Naomi alifikiri. Alikuwa mtoto wa shule ya Jumapili, anajua amri zote kumi. "Kwa hiyo tutasema uongo, mama?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Tutasema uongo. Na wewe utausema vizuri kuliko sisi wote."

Tukaacha kuni, tukabeba. Nilimtanguliza mbele yangu nimwone. Kila mawe yalipoporomoka nyuma yetu niligeuka, lakini yalikuwa mawe tu, au nyani. Alitembea ameshika kikapu kwa mkono mmoja, shingo imenyooka, na njia yote, hadi juu, niliona shavu lake likicheza, midomo inakwenda pasipo sauti, anajifunza: hatukuona mtu, hatukuona mtu, hatukuona mtu.